Mabomba Yaliyoishia Darini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya kaka yangu, vikubwa kwa namba mbili, nikavijaza matambara mbele ili visichomoke. Kiwanda kilikuwa cha kusokota nyuzi, hapa Kibaha, nami nilikuwa nimemaliza darasa la saba nyumbani Mlandizi na kulima na baba kwa misimu kadhaa. Nilidhani nitapewa mashine. Badala yake nilipelekwa kwa Fundi Mkuu wa Mabomba ya Hewa, mzee mfupi mwenye kope nyeupe kwa vumbi la pamba. Alinisimamisha mbele ya mdomo wa bomba la bati, akanipa kipande cha uzi.

"Kishike hapo. Unaona nini?"

Uzi ulikuwa umevutwa na kunyooka kuelekea ndani. Nikajibu, "Naona hewa inaingia, mzee."

"Mwongo. Hewa haionekani. Unaona uzi umenyooka. Hapa utasema ulichokiona tu, mengine tutayatafuta pamoja."

Kisha akanirudisha nyuma hatua moja. Uzi ukalala. Akanieleza jambo ambalo nimelifanyia kazi maisha yangu yote: bomba linalopuliza hufika mbali, lakini bomba linalonyonya halifiki popote. Ukisogea kutoka mdomoni umbali sawa na upana wa mdomo wenyewe, nguvu iliyobaki ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mdomo ni lazima ukae pale pale vumbi linapozaliwa, la sivyo unanyonya umeme tu.

Vijana wengi siku hizi hawajui kwamba kazi hii ipo. Ukisema wewe ni fundi wa mabomba wanakuletea koki inayovuja. Yetu ilikuwa kazi ya kuiondoa hewa mbaya kabla haijafika puani mwa mtu. Kuna kofia, ambayo ni ule mdomo unaokaa karibu na vumbi. Kuna bomba linalobeba. Kuna chujio linalokamata. Kuna feni inayovuta. Na mwisho kuna tundu la kutolea, ambalo linapaswa kuwa nje, juu, mbali na madirisha ya watu. Ukikosa kimojawapo, vingine vyote ni mapambo. Fundi Mkuu alikuwa akitupitisha kwenye mfumo mzima kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Anaanzia juu ya paa, kwenye tundu la kutolea, ndipo anashuka. Alisema watu wavivu huanzia kwenye kofia kwa sababu iko usawa wa kifua.

Nilikaa naye miaka mingi hadi kiwanda kilipopunguza watu. Nikahamia Kisarawe, kwenye karakana ya mbao, chini ya Msimamizi wa Karakana, mtu mchangamfu aliyependa kazi iishe upesi. Pale nilifunga mabomba ya kunyonya unga wa msumeno. Na pale ndipo nilipojifunza ujanja wa moshi.

Kupima kama kofia inanyonya, unawasha kitu chenye moshi mwembamba, kijiti cha udi kwa mfano, unakiweka karibu na mdomo na kuangalia moshi unakwenda wapi. Ni kipimo cha haki kabisa, ilimradi unakifanya kazi ikiendelea kama kawaida, feni za darini zikizunguka na watu wakipitapita. Siku moja, kabla ya ugeni wa wakaguzi, Msimamizi aliniambia, "Fundi, zima kila kitu kingine. Chumba kikitulia hata kofia dhaifu inavuta moshi. Wageni wanaangalia kwa macho, hawanusi." Nikazima. Moshi ukaenda vizuri. Wageni wakaondoka wameridhika. Wapasua mbao wakaendelea kukohoa, na mimi nikajiambia kwamba karakana ni ya mwenyewe na amri ni yake.

Karakana ikafungwa. Nikarudi Mlandizi, nikawa natengeneza mifereji ya maji ya mvua, mabeseni na milango ya mabanda ya kuku. Hakuna aliyeniita kwa habari za hewa. Watoto wangu wenyewe walikuwa wakiwaambia watu baba yao ni fundi bati. Sikuwa na njaa. Nilikuwa na kitu kingine ambacho ni kigumu zaidi kukikiri: nilikuwa najua jambo ambalo hakuna mtu aliyelihitaji.

Ndipo akanipigia simu Mama Mkurugenzi.

Alikuwa ameanzisha chuo cha urembo Kibaha. Jina sitalitaja. Mabinti walijifunza kusuka, kupamba maharusi, na kubandika kucha, na kucha ndizo zilizovuta wanafunzi wengi. Nilikuwa sijui lolote kuhusu kucha. Nilikaa naye darasani nusu siku nikatazama. Kucha za unga zinajengwa kwa kuchovya brashi kwenye maji makali wanayoyaita likwidi, kisha kwenye unga mweupe, na kupaka juu ya kucha ya mtu. Ikikauka inasuguliwa kwa mashine ndogo inayozunguka kama ya daktari wa meno. Hapo unapata maovu mawili kwa pamoja. Kuna vumbi, laini kuliko unga wa sembe. Na kuna mvuke wa likwidi, ambao unakukaba koo tangu mlangoni. Vumbi unaweza kulikamata kwa chujio la nguo. Mvuke unapita kwenye nguo kama haipo, na unapita vilevile kwenye barakoa walizokuwa wamevaa wale mabinti. Huo unataka kutolewa nje ya nyumba.

Nilifurahi, nasema kweli. Nilimchorea Mama Mkurugenzi mfumo mzuri. Kwa kuwa mvuke ule ni mzito kuliko hewa na hushuka mezani, kila meza ingekuwa na wavu chini ya kiganja cha mteja, ikivuta kwenda chini. Meza kumi na mbili, bomba moja kubwa ukutani, feni moja ya nguvu, na tundu la kutolea juu ya paa.

Akautazama mchoro muda mrefu. "Ni mzuri, Injinia," akasema.

Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Tatizo likajitokeza wiki hiyo hiyo. Nyumba ilikuwa ya kupanga na mwenye nyumba alikataa katakata kutoboa ukuta au paa. Nyuma yake kulikuwa na mgahawa, na mwenye mgahawa hakutaka harufu ya dawa kwenye pilau yake. Mama Mkurugenzi naye alikuwa ameshanunua feni kumi na mbili ndogo, zile za chooni, na mabomba laini ya kukunjika. Aliniita ofisini, akanifungulia soda mwenyewe.

"Injinia, tupandishe tu mabomba darini. Dari lile ni kubwa, hakuna anayeishi kule. Vumbi litatulia huko huko."

"Mama, mvuke hautulii. Utarudi."

"Utarudi wapi, na dari limefungwa?"

Nilijua utarudi wapi. Dari la mbao lina viungo, lina matundu ya taa, lina nyufa. Ukisukuma hewa juu, hewa hiyo hiyo inashuka. Na zile feni za chooni, kwa urefu ule wa bomba na zile kona, hazikuwa na nguvu hata ya kunyoosha uzi. Yote hayo niliyajua kama ninavyojua jina la mama yangu. Nilipaswa kusema hapana, nichukue tepu yangu nirudi Mlandizi kwenye mabeseni. Lakini juu ya meza yake kulikuwa na karatasi iliyochapwa tayari, yenye fremu ya dhahabu pembeni ikisubiri. Iliandikwa kwamba mfumo wa kunyonya hewa wa chuo umebuniwa, umefungwa na umepimwa na Injinia Athumani, na chini yake nafasi ya saini.

Nikafunga mabomba yakaishia darini. Nikatia saini.

Siku ya ukaguzi alikuja Afisa Afya, kijana mpole, begi mgongoni. Aliniamkia kwa heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa wewe ndiye injinia. Mimi haya mambo ya hewa sikuyasoma sana. Naomba unifundishe."

Hakuna mtu rahisi kumdanganya kama yule aliyekuomba umfundishe. Nilizima viyoyozi. Nilizima feni za darini. Niliwaambia mabinti wote wasimame ukutani watulie, nikafunga mlango, nikawasha kijiti cha udi na kukiweka vidole viwili tu juu ya wavu. Moshi ukainama, ukaingia chini ya meza. Mabinti wakapiga makofi. Kijana akatabasamu, akaandika. Kisha akaniuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

"Na huku mwisho, mzee, bomba linatokea wapi?"

Nikasema, "Nje."

Ni neno fupi. Nimewahi kusema mengi mabaya maishani, na mengi nimeyasahau. Hili sijalisahau. Alitazama mlango wa nyuma, kama anayetaka kuzunguka akaone. Jua lilikuwa kali. Mama Mkurugenzi akamwambia karibu chakula, na yule kijana akafunga daftari lake. "Mzee akisema nje, ni nje," akasema. Akatia saini chini ya yangu.

Baada ya hapo waliweza kufunga madirisha. Hilo ndilo jambo ambalo nataka vijana mlielewe vizuri. Kabla sijafika, chumba kile kilikuwa hakina kitu, na kwa sababu hakikuwa na kitu waliacha milango na madirisha wazi, upepo ukapita. Nilipofunga mashine zangu zenye kelele, waliona sasa wako salama. Wakafunga madirisha ili viyoyozi vifanye kazi. Kazi yangu haikuwa bure. Ingekuwa bure ingekuwa afadhali.

Miezi kadhaa baadaye niliitwa kurekebisha feni mbili zilizokuwa zinanguruma. Nilipopanda ngazi niliona mstari mweupe kwenye kila kiungo cha dari na duara jeupe kuzunguka kila taa. Ulikuwa unga wa kucha ukirudi chini. Binti mmoja alikuwa amebaki darasani peke yake. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, ncha za vidole zimepasuka kama za mtu anayefua kwa magadi. Alinisaidia kushika ngazi.

"Babu," akaniuliza, "mbona asubuhi hakuna harufu, ikifika mchana inarudi?"

"Unaitwa nani?"

"Tatu. Natokea Chole, Kisarawe."

"Hiyo ni kawaida ya dawa, Tatu. Utazoea."

"Wenzangu wamezoea. Mimi usiku siwezi kulala chali, kifua kinapiga filimbi." Alikohoa, akageuza uso kwa adabu. "Madam anasema mashine zako ni nzima."

"Ni nzima," nikasema.

Kisha nikachukua kitambaa, nikaifuta ile mistari myeupe yote, kiungo kimoja baada ya kingine, naye ameishika ngazi nisianguke.

Nikaendelea na maisha. Baadaye viwanda vilipoanza kujengwa Kwala, nilipata kazi kwenye kimojawapo, nikiwa mtu mzima kuliko wote kwenye kikosi. Bosi wetu alikuwa Meneja wa Usalama Kazini, mwanamke kijana, rika la mwanangu wa mwisho. Aliniamkia kila asubuhi na kunipa kiti kwenye vikao. Tulipomaliza kufunga mfumo wa kwanza, nilimletea fomu atie saini.

"Mzee, kichwa cha bomba, kule linakotolea hewa, kiko wapi?"

"Juu ya paa, bosi."

"Twende nikakione."

"Si nimekwambia kiko juu ya paa."

"Nimesikia, mzee wangu, na sikukatalii. Ila nisipokiona nitakuwa nimeandika maneno yako, sijaandika bomba."

Akavua viatu vyake vya ofisini, akavaa vya kazi, akapanda ngazi mbele yangu. Bomba lilikuwepo, limenyooka, limefunikwa kofia ya mvua. Akalipima kwa kipima-upepo, kile kidude chenye panga dogo kinachokupa kasi ya hewa kwa namba. Akaridhika. Mimi niliyekuwa nimefanya kazi halali kabisa nilishika reli ya paa kwa mikono miwili.

"Mzee, unaumwa?"

"Kizunguzungu tu."

Hakikuwa kizunguzungu. Nilikuwa nimeliona dari la Kibaha.

Jumatatu iliyofuata niliomba ruhusa, nikaenda chuoni. Nilimkuta Mama Mkurugenzi akipanga vyeti. Nikamwambia nataka kuja kuyatoa mabomba yale na kuyapeleka nje, hata kwa bure. Akacheka.

"Injinia, mbona unachokonoa jambo lililotulia? Hakuna anayelalamika."

"Hakuna hata mmoja?"

"Alikuwepo mmoja, wa Kisarawe. Kila siku kifua, kila siku vidole. Nikamwambia, mwanangu, mashine imefungwa na injinia, imekaguliwa, ona vyeti ukutani. Wenzako wanapumua, wewe una nini? Nikamrudisha kwao. Sikutaka aambukize wengine uvivu."

Nilitazama ukutani. Saini yangu ilikuwa pale ndani ya fremu, na karatasi imeanza kugeuka njano.

Kesho yake nilifunga safari kwenda Chole. Nilipanda gari hadi Kisarawe mjini, nikapanda jingine, kisha bodaboda iliyonifikisha nyumbani kwao kwa kuuliza. Mama yake alikuwa uani na Tatu, wanaanika mihogo iliyomenywa. Tatu alikuwa amenenepa kidogo. Alinitambua mara moja.

"Mama, huyu ndiye injinia wa chuoni."

Nikakaribishwa mkekani. Chai ikawekwa. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima na yote yakanikimbia. Nikasema tu kama nilivyofundishwa zamani kusema, nilichokiona na nilichokifanya. Mabomba niliyafunga yakaishia darini. Nilijua hewa itarudi. Moshi nilioonyesha ulikuwa ujanja. Afisa nilimdanganya. Ile mistari myeupe niliifuta mwenyewe. "Na mimi si injinia," nikamalizia. "Nimesoma hadi la saba."

Mama yake alikuwa ameshika kisu na muhogo, mikono imesimama.

"Kwa hiyo alikuwa anaumwa kweli?"

"Alikuwa anaumwa kweli, dada yangu. Kuna miili ambayo dawa ile ikishaigusa vya kutosha haiikubali tena. Si uvivu. Si udhaifu."

"Mimi nilimsema," mama akasema taratibu. "Mbele ya shangazi zake. Nilimwambia shule imemshinda anatafuta kisingizio. Nilisema yupo mtu amefunga mashine, amesomea, yeye nani hata aseme haifanyi kazi." Akamgeukia binti yake. "Tatu, nilikusema mwaka mzima."

"Basi mama," Tatu akasema. Kisha akanitazama mimi. Sauti yake haikupanda. "Mabomba mmeshayatoa?"

"Bado."

"Mle darasani kuna watu?"

"Wapo. Kundi jipya."

"Meza zote?"

"Zote kumi na mbili."

Akafuta mikono kwenye kanga yake. "Sasa huku umekuja kufanya nini, babu?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Leo Jumanne. Saa hizi wako kwenye kusugua." Akaangalia jua, kama anayehesabu vipindi. "Umepanda magari mawili na bodaboda kuja kwangu mimi niliyekwisha kutoka. Wale walio ndani wanamngoja nani?"

Nilikuwa nimejiona mtu jasiri tangu nilipotoka Mlandizi asubuhi. Pale mkekani nikaona kwamba nilikuwa nimekwenda Chole kutafuta nafuu yangu, kwa sababu kumwambia binti mmoja kijijini ni rahisi kuliko kumwambia mtu mwenye muhuri. Niliondoka chai haijaguswa. Mama yake hakunisindikiza.

Asubuhi iliyofuata niliingia ofisini kwa Afisa Afya. Aliniamkia vilevile, shikamoo mzee, akainuka anipe kiti. Nilitamani asiniamkie. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alipoelewa alikaa polepole, akavuta faili, akaitafuta ile karatasi, akaweka kidole kwenye saini ya chini.

"Hii ni yangu," akasema.

"Nilikudanganya mimi."

"Ndiyo mzee. Lakini mlango wa nyuma niliutazama, na mimi sikwenda." Akanisogezea karatasi na kalamu. "Sasa andika yote uliyoniambia. Nami nitaandika langu."

Tukaandika, yeye upande mmoja wa meza, mimi upande mwingine. Chumba cha kucha kilifungwa siku hiyo hiyo. Mama Mkurugenzi alinipigia simu akanitukana matusi ambayo sikutarajia kuyasikia kutoka kwake, kisha akalia, akaniuliza kwa nini sikumkatalia mwanzoni kwa nguvu, mimi niliyekuwa najua. Hilo nalo lilikuwa swali la haki. Yule kijana alipewa barua ya onyo, akahamishiwa kata ya mbali. Hakuwahi kunilaumu. Nilikutana naye mara moja tu baadaye, Mlandizi sokoni, akanisalimia na kupita haraka, na nikaona kwamba ameacha kubeba lile begi lake kwa furaha ya zamani.

Nilirudi chuoni kwa mikono yangu nikayatoa yale mabomba. Nilipofungua dari, unga ulimwagika kichwani mwangu. Chuo kilihamia jengo lenye ukuta ambao mwenye jengo alikubali utobolewe, na huko nilifunga ule mfumo wa kwanza kabisa niliouchora. Feni moja kubwa tuliiweka mwisho, nje ya jengo, ili bomba lote la ndani liwe linavuta. Likipata tundu linanyonya hewa ya chumbani, halivujishi mvuke. Kila meza chujio lake la vumbi, linalofutwa kwa kitambaa kibichi, halikung'utwi likarusha unga. Kikombe cha likwidi kina kifuniko. Ndoo ya pamba zilizotumika ina kifuniko. Meneja wa Usalama wa Kwala alikuja siku yake ya mapumziko, akapanda paani bila kuniuliza chochote. Fremu yenye jina langu niliichukua, nikaivunja, karatasi nikaichana.

Sasa nimestaafu. Magoti hayapandi ngazi tena. Mabinti wenye vibanda vya kucha hapa Mlandizi huja kuniuliza wafanye nini, na nawaambia bila kuficha: feni ndogo ya mezani yenye mfuko inakusaidia vumbi, haikusaidii mvuke. Kaa karibu na upande ulio wazi, upepo utoke mgongoni kwako upite mezani uende nje. Kichwa kikiuma kila siku ya kazi na kupona siku ya mapumziko, si jini wala si uchovu. Mtu akikufungia mashine, mwambie akuonyeshe hewa inakotokea, na usione haya kwa kuwa ana mvi. Mvi zangu zilitumika vibaya.

Watu huniuliza kama sijapata amani kwa kuwa nilikiri. Nawajibu kwamba niliyekiri ni mimi, lakini aliyepoteza kazi aliyoipenda ni Tatu. Mwili wake hautaki tena hata harufu ya likwidi iliyo kwenye nguo ya mtu. Vidole vyake vilikuwa na kipaji. Mwalimu wake aliniambia hivyo wakati nafunga mfumo mpya, akiwa hajui kwamba namjua Tatu. Alisema alikuwapo binti anayechora ua kwenye ukucha kwa brashi ya nywele tatu.

Mwaka huu mama yake alinipigia simu. Mdogo wake Tatu anaolewa, nami nimealikwa. Nilimuuliza mara mbili kama hajakosea namba. Nikaenda Chole na kanzu yangu safi. Siku ya kumpamba bibi harusi, wanawake walikuwa wamejaa chumbani, na fundi wa kucha ameletwa kutoka mjini. Tatu hakuweza kuingia. Alikuwa amesimama uani, hatua kadhaa kutoka dirishani, mtandio umefunika pua, akimwelekeza fundi kwa sauti: "Hapo punguza. Ukucha wa pete uwe mfupi kidogo. Rangi siyo hiyo, ile ya pili." Na mle ndani walimsikiliza.

Nilisimama mbali, sikujua nikae wapi. Aliponiona hakutabasamu. Alinyoosha mkono kuonyesha kigoda upande wa pili wa ua.

"Kaa kule, babu," akasema. "Hapa upepo unaleta harufu."

Nilikwenda nikakaa aliponionyesha. Sikumuuliza kama amenisamehe. Alirudi kutazama dirishani, akaendelea kumpamba mdogo wake kwa maneno.